Wali Aliomwagiwa Kuku

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Rangwe tu wazima, ila mama yako bado anakohoa. Unauliza kwa nini sufuria yako ya umeme inazima kabla wali haujaiva. Ifute nje ikauke kabisa, na uangalie punje isikwame chini yake.

Wali wangu wa kwanza, nilipoolewa, nilipika kwa kuni, ukabaki mbichi. Mama mkwe aliwamwagia kuku mbele ya wageni. "Mmetuletea nani huyu?" akauliza. Babu yako alikuwa ameketi pale pale. Aliinamisha kichwa, akaomba ugali. Nimemzalia watoto, nimemzika, na ule ukimya bado sijamsamehe.

Umeandika kwamba mumeo aliula wako hivyo hivyo mbichi, mkacheka. Nilifurahi, mjukuu wangu, halafu nikaona wivu.

Ni mimi,
Dani yako