Meya Robichaux Mbele ya Darasa

Bayou Perdrix, Louisiana
3 Februari 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Kaka Emile na wanawe hapo Houston hawajambo? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Tumeanza somo la Meya Robichaux. Sikuwaambia wanafunzi kama alikuwa mwema au mbaya. Nimewaambia walete ushahidi, waupime, kila mmoja atetee anachoamini. Wiki haijaisha, wazazi wameshanijia juu: huyu anasema namtukana marehemu, yule anasema namsafisha. Bodi ya shule imeniita tarehe 20. Huenda nikafukuzwa.

Wewe ulikuwa dereva wake. Njoo uzungumze na watoto.

Binti yako,
Odile

Houston
8 Februari

Mwanangu Odile,

Marahaba. Goti ni lile lile. Emile anakusalimu.

Siji. Kabla ya Robichaux, hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na jua likizama hakuna kivuko. Wanawake walijifungulia gatini. Wewe ulizaliwa kitandani, kwenye hospitali aliyoijenga yeye. Leo unamweka kizimbani mbele ya watoto wasiojua hata kupenga kamasi? Fundisha vita vya zamani huko, watu wetu waache walale.

Baba yako

Bayou Perdrix
13 Februari

Baba,

Shikamoo. Umenuna, hata hali hukuniuliza. Sijambo, kama unataka kujua.

Habari za hospitali niliwasomea wanafunzi. Landry akapiga meza: "Si niliwaambia! Mzee alijenga!"

Desiree Batiste akasimama. "Alijenga, sawa. Na siku ya mafuriko, nani aliamuru tuta la kuzuia mto lipasuliwe upande wetu? Mjomba wangu mpaka leo hajaonekana."

"Lisingepasuliwa, mji wote ungezama," Landry akasema.

"Mji wote? Kwani sisi tunaishi mwezini?"

Wote wakanigeukia. Desiree anataka kujua kama watu wa kwao walionywa. Ulikuwa naye garini siku hiyo, Baba. Walionywa?

Odile wako

Houston
24 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Nimerudi salama. Najua ulishtuka kuniona kwenye kikao cha bodi, na kwamba niliondoka bila kukuaga. Sikuwa na uso wa kukaa.

Miaka yote nilijua walionywa, kwa sababu Meya aliniambia garini: "Ulysse, wote wameshaambiwa." Barua yako ikanitia wasiwasi. Nikapanda basi, nikaenda moja kwa moja kwa bibi yake Desiree.

"Hakuja mtu," akaniambia. "Tuliyasikia maji tu, nikapanda juu ya paa." Kisha akanionyesha mguu wake. "Huu ulivunjika siku ile. Wakaniunga kwenye hospitali yake huyo huyo. Sasa wewe uliyemjua, niambie nimfanyeje?"

Akanipakulia mchuzi wa bamia. Niliuacha mezani.

Ndiyo maana bodini nilisema yote mawili, la hospitali na la tuta. Broussard, rafiki yangu wa utotoni, akanizomea, "Msaliti!" Wamekuacha uendelee kufundisha, vizuri. Broussard hapokei simu zangu.

Odile, bado nampenda yule mtu. Nikimkasirikia namkumbuka anavyocheka, nikimkumbuka anavyocheka namwona yule bibi juu ya paa. Situlii.

Jumatatu nitakuja darasani. Huyo Desiree aniulize mwenyewe, na wewe usimzuie.

Baba yako,
Ulysse