Bi Zuena Alipolala

Jumanne, Amu

Nilikasirika kweli, sikatai. Nilifika kijijini Matondoni nikamkuta Bi Zuena amejikunja kitandani kwa maumivu ya saratani, na chupa ya mofini niliyoiacha haijafunguliwa.

Binti yake, Mwanaisha, akaninong'oneza, "Nesi, dawa ikimlewesha, shahada ataitamkaje roho ikitoka?"

Hasira ikaniisha. Nikamweleza kwamba kipimo ni kidogo, kinatuliza maumivu, hakiondoi akili. Akasita, kisha akamnywesha mwenyewe, "Bismillahi."

Upepo ukapandisha pazia, ukalishusha. Bi Zuena akakunjuka polepole, akalala. Sote wawili tulikitazama kifua chake, kinapanda, kinashuka. Na mimi niliogopa. Kama nimekosea...

Adhana ya alasiri ikamwamsha. Akaiitikia neno kwa neno, ulimi mwepesi.

"Nalikuwa ndiani, naenda kwa mamangu," akasema, macho yangali mbali. "Mwanaisha, nisuke nywele."

Hatapona, sote watatu twajua. Lakini leo kilichomuuma ni mkono wa bintiye tu, uliokaza msuko mno, Bi Zuena akamgombeza kwa sauti ambayo nyumba ile haikuisikia kitambo. Mwanaisha akacheka huku machozi yakimtoka, akamfumua, akaanza upya.