Dada Nisiyekuwa Naye

Plovdiv, Bulgaria, Jumapili

Mpenzi Boyan,

Mimi na mama yako tu wazima, na naomba baridi ya huko kazini kwako Munich isikutese. Leo nimekwenda kwenye tamasha la kahawa, mara ya kwanza bila wewe. Nimeonja kahawa ya Ethiopia inayonukia maua ya limau, nikatamani ungekuwepo unibishie.

Kalin, rafiki yako mkaanga kahawa, aliponiona akapiga kelele: "Shemeji! Mumeo jana alikuwa hapa, kanimalizia kahawa hii hii! Na yule dada yako aliyekuja naye, mbona mlituficha? Mcheshi huyo, hauachi mkono wa shemejiye!"

Boyan, mimi sina dada.

Nilicheka naye. "Ndivyo alivyo tangu utotoni," nikamwambia, kisha nikanywa kikombe chote nisisikie ladha yoyote. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi, nikalia mpaka wakaanza kukunja meza.

Mama yako bado anakufumia soksi za baridi ya Ujerumani. Mimi sina ulimi wa kumwambia. Pita nyumbani umwambie mwenyewe, maana hauko mbali.

Aliyekuwa mkeo hadi jana,
Iskra