Njoo na Waya Zako

Barabara ya 12,
Ngamiani, Tanga.
2 Aprili 1988

Mpendwa mwanangu Ghadir,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako imefika, marahaba, na marahaba tena. Hamjambo huko Maskati? Baba yako kifua kimetulia? Mwambie kaka yangu huyo kwamba halua aliyotuletea iliisha siku ile ile, na sioni haya kusema nani aliimaliza. Sisi huku wazima. Masika imeanza, na cherehani yangu haipumziki kwa ajili ya harusi ya kaka yako Hisham.

Bibi yako naye hajambo, ila kwa hizo waya zako za meno umempa kazi. Tangu nimsomee kwamba daktari amekufunga vyuma mdomoni, kila radi ikipiga anakutaja wewe. Ameniagiza nikwambie, mvua ikinyesha ujifunike mdomo kwa mtandio, kama sisi tunavyofunika vioo. Nimemwambia Maskati mvua ni ya nadra. Hakuridhika. Basi ujumbe nimeufikisha, usije ukanigombanisha naye.

Sasa tuje kwenye lililonikata maini. Barua yako niliisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Ati huji harusini! Dada wa bwana harusi, tena mmoja tu tuliye naye, ati huji kwa kuwa jino la mbele bado limemkalia mwenzake kidogo, na waya hazitoki mpaka mwakani. Ala! Na daktari mwenyewe, kwa maneno yako, amesema meno yanakwenda vizuri, hilo moja linachelewa tu. Wewe ukamwacha daktari, ukaenda kukiuliza kioo asubuhi na jioni.

Hebu nikupe kisa. Mwezi uliopita wifi yako mtarajiwa, Shemsa, alikuja kujaribu gauni la harusi. Nilikuwa nimelipiga bandi tu, zile nyuzi ndefu za kushikizia kabla ya kushona. Nikamkataza asitazame kioo. Nani anasikia? Akajiona mkono mmoja juu, mwingine chini, uzi mweusi umemzunguka kiunoni, akaangua kilio. Mama yake akapokea. Majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa, mmoja keshajitanda na kanga kabisa!

Gauni nimelimaliza wiki hii. Amelivaa, hataki kulivua, kazi kujizungusha tu. Na nikwambie jambo ambalo Shemsa hajui: pale kiunoni mshono umekwenda upande kidogo, upana wa punje ya mchele. Nimeuona mimi peke yangu, tena kwa kuutafuta. Jino lako ndivyo lilivyo, mwanangu. Bado uko kwenye bandi, na unajililia mbele ya kioo.

Madukani, alhamdulillahi, si kama mlivyotuacha. Mchele upo, sukari ipo, sabuni ya kunukia mpaka tunachagua rangi. Wakumbuka harusi yangu mwaka themanini na tatu? Gauni langu lilikuwa pazia la sebuleni! Na Zainuddin mpiga picha hakuwa na filamu. Asitutie simanzi, akatumulika jioni nzima na kamera tupu, nasi tukimpa mapozi, shingo upande. Tulimdai picha mpaka akakiri mwenyewe, nikacheka nikakaa chini.

Basi picha sina hata moja, na mpaka leo nikienda sokoni watu hunitajia harusi ile. Wanataja nini? Vigelegele vyako. Kitoto una pengo mbele, ukavipiga mpaka watu wa barabara ya pili wakaja bila kualikwa. Nani aliuliza habari ya pengo? Safari hii Zainuddin ana filamu za rangi tele. Ukitaka kufumba mdomo kwenye picha, fumba, sikulazimishi. Lakini vigelegele havipigwi mdomo umefumbwa.

Jana nilikuwa namsuka bibi yako. Macho yake, nasikitika kukwambia, sasa yamekwisha kabisa. Hata mimi ananijua kwa sauti. Nikamdokeza polepole kwamba huenda usije. Akaniuliza, "Sasa bibi harusi akiingia, mimi nitajuaje?"

Swali ni lako, Ghadir, nakutumia kama lilivyo.

Harusi ni Mfungo Mosi, Idi ikishapita, kwa hiyo nafasi ya kusafiri unayo. Hisham anakusalimu na anasema asipokuona atakuja Maskati kukufuata na koti lake la harusi. Nisalimie baba yako Mohsin, mama yako, na mdogo wako Uweso, asiache kusoma. Mola awape afya, aifungue njia yenu na awafikishe mlangoni kwangu mkicheka.

Gauni lako nimeshalikata, la kijani ulilolipenda. Limetundikwa hapa karibu na dirisha, mkono mmoja juu, mwingine chini. Silimalizi mpaka ulivae mbele yangu. Nimelipiga bandi, linakungoja wewe mwenzie.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye pamoja na jino hilo,

Zuwena