Mama Yangu Ndiye Anayemchana Dada Yangu Mtandaoni

Mpendwa Bi Geneva, naomba msaada wako, usiichape barua hii gazetini, na naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mtu yeyote hapa mtaani kwetu Orange Mound, si mume wangu, si wenzangu wa saluni, wala mchungaji, maana nikimwambia mmoja litakuwa limefika Atlanta kabla sijafika nyumbani. Naitwa Renita Stokes. Dada yangu ni Valencia Stokes, huyo huyo unayemjua, anayeigiza hakimu kwenye tamthilia ya Alhamisi, na kaka yetu alikuwa Cedric, ambaye pengine unamkumbuka pia, kwa sababu alipopigwa risasi kwenye maegesho ya duka la vipuri na mlinzi mzungu aliyedhani anaiba gari, na gari lilikuwa lake na ufunguo anao mkononi, televisheni zote za nchi hii zilikuja kupiga kambi mbele ya nyumba yetu.

Siku yule mlinzi alipofungwa, mwandishi mmoja alimsogezea mama kipaza sauti akamuuliza kama amemsamehe, mama akajibu, "Namwachia Mungu." Hakusema neno lingine. Lakini kufika jioni ilikuwa imeshaandikwa kila mahali kwamba mama mweusi wa Memphis amemsamehe muuaji wa mwanawe, wazungu wasiotujua wakaanza kumtumia kadi na maua, mchungaji akamfanyia mahubiri, na tangu hapo kanisani anaitwa Mama Msamaha, na yeye huitikia kwa kichwa tu na kuketi mahali pake, na mimi nikaamini, sote tukaamini.

Sasa mwezi uliopita Valencia alihojiwa redioni. Alisema na yeye amemsamehe yule mlinzi, tena ameiandikia bodi inayoamua wafungwa gani watoke mapema, akaomba aachiwe arudi kwa watoto wake, na kwamba moyo huo amejifunza kwa mama yake. Angeishia hapo pengine tungepona, lakini akaongeza hivi, nayanukuu maneno yake: "Nimechoka kudaiwa hasira kana kwamba ndiyo kitambulisho changu. Wengine wetu tunayapenda machungu kuliko maisha."

Bi Geneva, wewe unatujua. Kipindi hakijaisha, watu wetu mtandaoni walikuwa wameshamfutia mwaliko wa nyama choma zote za weusi kuanzia leo mpaka Yesu arudi. Mmoja akatangaza kwamba tunamkabidhi kwa wazungu, na wao watupe yule mpishi wao wa televisheni anayejua kutia viungo. Mwingine akaweka picha yake amevaa joho la hakimu, akaandika kwamba kesi zote zinafutwa kwa sababu Mheshimiwa Valencia ameamka na furaha. Nilicheka, sitakudanganya. Wapo pia waliosema kwa ustaarabu. Mwanamke mmoja wa Detroit, ambaye naye alimzika mwanawe, aliandika kwamba msamaha wa Valencia ni wake, autoe atakavyo, ila asiwaambie waliokataa kusamehe kwamba wanapenda machungu. Hiyo niliisoma mara mbili.

Lakini kulikuwa na akaunti moja inaitwa Kiti cha Mbele, haina sura, ina picha ya ua tu, ambayo ndiyo iliyomchana kuliko zote, kwa sababu ilikuwa inachekesha na inauma papo hapo, na watu walikuwa wanaisubiri kila asubuhi kama kahawa. Iliandika: "Mtoto kafika Hollywood kakuta msamaha umeshushwa bei, katununulia ukoo mzima bila kutuuliza saizi." Hiyo niliibonyezea alama ya moyo, Bi Geneva, mimi mdogo wake wa tumbo moja, kwa sababu na mimi nilikuwa na hasira naye na hakuna aliyekuwa ameniuliza. Halafu ikaandika: "Huyu dada analia vizuri sana kwenye tamthilia. Kwenye mazishi ya kaka yake alivaa miwani ya jua." Valencia akanipigia simu analia mpaka simwelewi. Matusi ya wengine aliyazoea, alisema, ila huyu wa miwani alikuwepo kanisani, ni mtu wetu, mtu aliyekula kwetu siku ile. Akasema amemweka wakili amtafute, na akimpata atamtaja jina mbele ya dunia nzima ili naye aonje.

Wiki hii mama aliniita baada ya chakula cha mchana, tableti yake imeganda. Nikaizima, nikaiwasha, na kitu cha kwanza kilichofunguka kilikuwa lile ua. Nilidhani mama naye anaisoma, kama wengine. Kisha nikaona mahali pa kuandikia, na maneno yaliyokuwa hayajamalizika, yanamhusu Valencia, na juu yake jina, Kiti cha Mbele. Mama alikuwa anakausha sahani. Anafundisha Biblia, Bi Geneva, hajawahi kumwambia mtu neno "mjinga" mbele yangu.

Nilimuuliza kama ni yeye. Akanitazama, akaniambia nifunge mlango.

"Mama, huyu ni mwanao," nikasema.

"Na Cedric alikuwa wa nani?"

Akaketi, akaniambia, taratibu tu, kwamba hajamsamehe yule mtu hata siku moja, na kwamba kila Jumapili anapoitwa Mama Msamaha anahisi kama anamzika Cedric upya huku watu wanapiga makofi. Akasema humo ndani hakuna anayemjua, anasema lililomo moyoni na watu wanamjibu, "Sema, mama, sema," na wanaposema hivyo analala usingizi. Kisha akasema ambalo limenimaliza. "Ukimwambia dada yako, nitajua nimebaki sina mtoto hata mmoja."

Jumapili ni kumbukumbu ya kifo cha Cedric. Valencia anakuja Ijumaa. Mchungaji amepanga kuisimamisha familia yetu mbele ya kanisa na kuipongeza kwa moyo wa kusamehe, na watu watakuwa na simu zao. Nikimwambia dada, nampoteza mama, na nikinyamaza, wakili atamfikia mama, na dada yangu kwa hasira atamwanika mama yake mzazi mbele ya dunia. Nifanyeje?

Renita, Orange Mound

*

Renita,

Nimekaa na barua yako nikavua miwani nikaivaa tena. Nimejibu barua za watu wa mji huu tangu hujazaliwa na nilidhani nimeshasikia yote. Pole, binti. Pole sana. Sasa kaa sawa nikuambie.

Kwanza huo moyo ulioubonyeza. Usinipitishie harakaharaka katikati ya sentensi ndefu kama mtu anayeficha chupa chini ya kiti. Dada yako alikuwa anapigwa, na wewe ukatoa kidole chako nawe ukachangia, kwa sababu ulishindwa kuinua simu kumwambia, "Valencia, umenikosea, hukuniuliza." Mama yako amefanya kosa hilohilo, yeye amelifanya kwa kipaji tu. Nyumbani kwenu watu watatu mna hasira na hakuna aliyemwambia mwenzake, ila mmewaambia wageni.

Pili, usije ukaniambia kwamba wale wa mtandaoni ni wanyama. Ni sisi. Ni saluni yako, ni kinyozi, ni ngazi za kanisa ibada ikiisha. Tunahukumu watu wetu mashuhuri kwa sababu kila wakifungua mdomo huko nje wanahesabiwa kuwa wamesema kwa niaba yetu. Na hapo dada yako aligusa kidonda chetu hasa. Mtu wetu akiuawa, maiti haijapoa, mama yake anaulizwa kama amesamehe, na asiposema ndiyo, yeye ndiye anageuka mkosaji. Yule mwanamke wa Detroit alisema kweli, na dada yako anapaswa kumjibu mwanamke yule kwa heshima. Kusamehe ni haki yake. Kutuambia tusiosamehe kwamba tunapenda machungu, hapana. Hilo alikosea, na kumwambia amekosea si chuki.

Lakini miwani ya mazishini si hoja. Kumpima mtu alivyolia juu ya jeneza la kaka yake si hoja. Hapo watu waliacha kujibu alichosema wakaanza kumchuna ngozi, na mama yako ndiye aliyewapa kisu.

Na mama yako, Mungu amsaidie, namwelewa kuliko ninavyopenda kukubali. Tulimvika jina hatukumuuliza. Mimi mwenyewe nililiandika jina hilo kwenye gazeti hili. Ila kuelewa si kumpa ruhusa. Mwanamke aliyekosa pa kusemea ukweli wake amechagua kumsemea mwanawe vibaya mgongoni, na hilo vitisho vya kubaki bila mtoto havilifuti. Anakutisha kwa sababu anaogopa. Usitishike.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, rudi kwa mama. Mwambie Valencia ataambiwa Ijumaa, jikoni kwenu, kabla hajafungua begi, na atakayemwambia ni yeye mama. Asifute neno hata moja kwanza. Akikataa, utamwambia wewe, ana kwa ana, mama akiwa chumba hicho hicho. Si kwa simu, na si kwa kumnong'oneza dada uwanja wa ndege. Wewe ukae pale, useme na la kwako la ule moyo, kisha unyamaze uwaache waongee. Usikimbilie kuwapatanisha. Wakili aambiwe aache. Na hilo la mchungaji si lako kulitengeneza. Mama ana mdomo, ameuonyesha. Kama hataki kupongezwa, aamue mwenyewe.

Utaogopa. Nenda hivyohivyo.

Bi Geneva

*

Wasomaji, jibu hilo nilimtumia Renita moja kwa moja, sikulichapa. Ujumbe ufuatao ulinifikia baadaye, pamoja na ruhusa ya wote watatu ya kuyaweka haya hapa kwa majina yao. Mama yao, Bi Earline Stokes, alisisitiza hasa jina lake lisibadilishwe.

*

Bi Geneva, nilifanya ulivyosema. Mama hakunisemesha mpaka Ijumaa. Valencia alipoingia, mama aliiweka tableti mezani akasema, "Kiti cha Mbele ni mimi." Valencia akacheka, akadhani mama anatania, kisha akaniangalia mimi akaacha kucheka.

Alisoma yote, kuanzia juu. Mimi nikasema langu la ule moyo na hakuna hata aliyenitazama. Alipofika mahali fulani akauliza, "Na hii ya miwani ni wewe?"

"Hiyo pia."

"Mama, ile miwani ulinivalisha wewe. Mlangoni pa kanisa. Uliniambia hawa watu wa kamera wasituone tukilia, ukaitoa kwenye mkoba wako ukanivalisha."

Sijawahi kumwona mama akiwa hivyo. Alishika ukingo wa meza. Akasema alikuwa amesahau, akarudia kwamba alikuwa amesahau, na ilikuwa wazi kwamba ni kweli, na hilo ndilo lililotutisha sote. Kisha akamwomba msamaha kwa hiyo ya miwani. Kwa hiyo tu. Akasema mengine bado anayaamini, kwamba msamaha wa damu ya Cedric haukuwa wa Valencia kuugawa kwa jina la mama, na kwamba hajawahi kusamehe. Valencia akamuuliza mbona hakuwahi kusema. Mama akajibu, "Ulitaka nimwambie nani? Wewe uliwahi kuniuliza?"

Valencia alichukua begi lake akaenda hotelini. Jumamosi hakupokea simu. Barua ya bodi hajaiondoa, na mama hajamwomba aiondoe. Lakini jioni Valencia aliandika, kwa jina lake, akimjibu yule mwanamke wa Detroit, kwamba amekosea kusema wengine wanapenda machungu, na kwamba alimsemea mama yake bila kumuuliza. Watu wakamcheka kwamba anajipendekeza arudishiwe mwaliko wa nyama choma. Mama naye akaandika kwa ile akaunti ya ua kwamba habari ya miwani aliipotosha yeye, na anaionea aibu. Nusu ya watu wake wakamtukana.

Jumapili Valencia alikuja, akaketi nasi kiti cha mbele. Mchungaji alimtaja Cedric, kanisa likaitikia, kisha akasema familia hii imeifundisha nchi kusamehe, akaomba tusimame tupongezwe. Watu wakaanza kupiga makofi. Valencia akainuka, maana amezoea kuitwa akainuka. Mimi nikainuka nusu. Mama hakuinuka. Alikaa wima, mkoba mapajani, anamtazama mchungaji usoni.

Makofi yakapungua, yakabaki ya watu wa nyuma ambao hawakuwa wanaona. Simu zilikuwa zimeshainuliwa kila upande. Valencia akamwangalia mama, akaketi. Nikaketi na mimi. Mchungaji alikuwa bado ametunyooshea mkono, anangoja.

"Endelea na ibada, Mchungaji," mama akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Sisi tumekaa."