Washa, Bonyeza Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Ni noti sita tu za muziki! Noti sita, na mimi niliyepigia kwaya kinanda miaka tisa zimenitoa jasho. Mume wangu (wiki ya tano sasa — bado naliandika neno hilo polepole ili lisiishe) kaniandikia nyuma ya karatasi ya mkate: A, C, D, ile nyeusi, E, G. Ndiyo skeli ya bluzi, ngazi ya noti za ule muziki wa majonzi. Nyeusi moja tu, katikati ya D na E. Baba alizoea kusema vibao vyeupe ni vya kwaya, vyeusi ni vya walevi. Nikamwambia Besi — kila mtu humwita hivyo kwa ajili ya gitaa lake la besi. Kacheka: basi karibu ulevini, mke wangu. Nampenda mpaka naona aibu!

Kaniachia mlio wa gitaa lake kwenye simu niufuatishe, akiwa kazini kwenye baa ya hoteli.

Jumatano, 5 Machi

Vibaya. Mimi na gitaa lake ni paka wawili kwenye gunia moja. Lakini si alisema skeli hii imebeba uchungu? Basi huenda ndiyo uchungu wenyewe. Nakaza.

Baba bado hapokei simu. Siku ya harusi kiti chake kilikaliwa na koti la mjomba. Binti wa mwalimu wa kwaya, aolewe na mpiga gitaa wa baa! Kinanda alikipakia kwenye gari la mizigo kije kwangu, bila hata barua. Mama anasema hakutaka kukiona tena. Nami nakipangusa kila asubuhi kama mtoto mgonjwa.

Jumamosi, 8 Machi

Leo Besi kashinda nyumbani. Nikawasha kinanda, nikabonyeza kitufe cha pembeni mara mbili, nikainamisha kichwa. Akauliza, mara mbili za nini? Ndivyo kinavyowashwa, nikamwambia. Washa, bonyeza mbili, omba. Baba alinifunza hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili. Kioo cha kinanda kilikufa zamani, hakionyeshi kitu.

Akapiga A yake. Nikapiga yangu. Alicheka mpaka akakaa sakafuni! Kumbe kile kitufe kinashusha noti zote, nusu hatua kila ukibonyeza. Siku zote hizi yeye yuko A, mimi niko G, nami naita uchungu!

Nilicheka pia. Kisha nikajiuliza: Baba alijua?

Nikampigia Mama. Alinong'ona: Sauti ya baba yako ilishuka, mwanangu. Zile za juu zilimshinda, hakutaka kwaya ijue.

Miaka tisa nimemtunzia siri yake kwa kidole, bila kujua.

Besi akasema zima, washa upya, usibonyeze. Kidole kikakataa. Nikalia juu ya vibao, vikalia navyo. Akanitazama, akarudisha mkono nyuma kwenye shingo ya gitaa. "Acha hivyo hivyo. Nitashuka mimi."

Tukapiga. Ah, mume huyu!

Jumapili, 16 Machi

Kosa langu jipya: nakaa kwenye ile nyeusi. Besi anasema ni kizingiti, mtu anakivuka, halali juu yake. Najua. Nikifika pale namkumbuka Baba na kidole kinaganda.

Ijumaa, 21 Machi

Mama kapiga simu. Akasema: piga kitu, simu nimeiweka mezani. Hakusema mezani yuko nani.

Nikawasha, nikabonyeza mbili, nikapiga. Kwenye simu kijiko kilikuwa kinakoroga kikombe. Kikaacha.

Nilipiga mpaka mwisho. Halafu ile sauti, nzito, haisemi nami, inasema na Mama:

"Mwambie anakawia mno kwenye ile nyeusi."

Siku arobaini na nane tangu harusi! Na neno la kwanza ni hilo. Kosa langu — amelisikia!

Baba? nikaita. Mama kasema ameingia chumbani. Mlango? nikauliza. Ameurudisha tu, hajaufunga. Sijui nilie au nicheke, nilifanya vyote. Besi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikapaza sauti ipite kwenye huo upenyo: Baba, nakuja kabla mwezi haujaisha! Nakuja na kinanda, na siji peke yangu!