Leso ya Kemunto na Kinu cha Upepo

Jumamosi, 12 Mei 2007. Woodbridge.

Leo upepo umeamka kabla yangu. Umeangusha pipa la takataka la jirani.

Naogopa. Wacha niseme hivyo tu, nisizunguke.

Mjukuu wangu Kemunto yuko Uingereza, ng'ambo ya bahari kutoka huku kwetu, mwezi wa pili sasa. Amesomea useremala, na huko anasaidia kufufua kinu cha upepo cha zamani. Ni nyumba nzima ya mbao iliyokaa juu ya nguzo moja. Watu huisukuma kwa boriti ya nyuma mpaka mabawa yatazame upepo. Mababu zao walisagia ngano humo miaka na miaka, halafu injini za mvuke zikaja, kinu kikaachiwa njiwa. Sasa wanakijiji wameona aibu, wanakitengeneza. Kemunto anachonga meno ya gurudumu kubwa kwa mbao za mtufaha. Jino bovu linang'olewa, jipya linapigiliwa, gurudumu linaendelea kuishi.

Alipoaga nilimwambia, "Wazungu wana unga dukani, huko juu wanatafuta nini?"

Akacheka. "Nyanya, wasipokifufua, nani atajua mkate wao ulitoka wapi?"

Jiwe langu mwenyewe la kusagia nililiacha Kisii, sijui nani analikalia.

Basi nikamfunga leso yangu shingoni, fundo mara mbili, kwa ajili ya baridi. Nikamwambia asiivue kazini mpaka arudi.

Huyo mtoto hunitii kila neno. Hilo ndilo janga.

Jana mama yake, Moraa, alinifungulia picha kwenye kompyuta kabla ya kwenda zamu hospitalini. Kemunto amesimama ndani ya kinu, gurudumu limemzidi urefu, meno yamejipanga kama ya fisi. Anatabasamu. Ncha ya leso inaning'inia hapo hapo penye meno. Moraa akanisomea maneno ya chini: kinu kitazunguka Jumamosi, mara ya kwanza tangu kifungwe.

"Si amependeza, Mama?"

Nikasema ndiyo.

Hajui ninachojua. Nilikuwa na mdogo wangu, Nyaboke. Watoto wangu wote nimewaambia alikufa kwa homa. Uongo. Alikufa kwenye mashine ya kusaga mahindi pale sokoni. Aliinama kukinga unga, mkanda wa mashine ukashika leso yake. Na leso nilimfunga mimi, asubuhi hiyo, fundo mara mbili, kwa sababu alikuwa anakohoa.

Herufi nimejifunza uzeeni, kanisani. Tazama nimezitumia kuandika nini. Moraa, ukisoma hapa kabla sijakwambia, nisamehe mwanangu.

Tangu saa kumi na mbili asubuhi nimekwangua kadi ya simu, nikapiga, nikapiga. Haishikwi. Kila upepo ukigonga dirisha hapa, naona mabawa kule. Najua upepo huu si ule. Mwili haujui.

Saa tatu akashika. Nyuma yake nasikia du, du, du, na watu wanapiga makofi.

"Nyanya! Kinazunguka! Unasikia?"

"Leso iko wapi?"

"Shingoni. Si ulisema nisivue?"

"Vua. Sasa hivi, nikiwa nasikia."

"Kwani nini?"

Ningemwambia. Jina la Nyaboke lilifika kwenye meno, likarudi. Nikasema, mimi mtu mzima, eti kuna joto.

"Joto gani, Nyanya! Hapa tunatetemeka kama vifaranga!" Akacheka sana. Akasema haya, ameivua, anaitwa, akakata.

Nimeketi na simu mapajani tangu saa hiyo. Mtoto aliyeambiwa vua bila sababu, baridi ikimuuma ataifunga tena. Atasema Nyanya amezeeka, anachanganya mambo. Na kesho kinu kinazunguka tena.

Nimemlinda na habari ya Nyaboke maisha yake yote. Sasa naona nilikuwa najilinda mimi.

Wanafungua kinu saa nne asubuhi yao. Huku kwangu ni saa kumi na moja alfajiri, na nitakuwa nimeshapiga. Sitaanza na salamu. Nitaanza na jina.

Nimeshalitamka mara tatu hapa jikoni, peke yangu. Sauti inatetemeka, lakini inatoka.